Aliyebeba Jeneza la Dada Yangu

Kwa miaka yote ya utumishi wangu nilikuwa msajili wa vizazi na vifo, na kila aliyeketi mbele ya meza yangu nilimuuliza kwanza mahali alipozaliwa na jina la baba yake. Kuhusu mtu ninayemwandika hapa sitajibu lolote kati ya hayo. Jina lake nimeliacha kwa kuwa mwenyewe ameniomba niliache, na nchi yake haina uzito katika nitakayoyaeleza. Watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo walimwita Mmisionari, nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa waliomtuma wamekwisha kumvua cheo hicho.

Ninaandika kwa sababu juu yake husemwa mambo mawili, na yote mawili ni uongo. Hapa mjini husemwa kwamba alisilimu, kisha akawaogopa wakubwa wake, akakimbia. Katika kanisa lake husemwa kwamba aliiuza imani yake kwa ajili ya kupendwa na watu. La kwanza nimelisikia kwenye baraza za kahawa, kutoka kwa watu ninaowaheshimu. La pili nimelisikia sebuleni kwangu, kutoka kwa mtu aliyevaa tai. Mimi ni Muislamu, mtoto wa Waislamu, na sina faida yoyote katika kumtetea Mkristo. Lakini jambo hutokea kama lilivyotokea, na hakuna aliyepewa haki ya kulibadilisha kwa kuwa limemkaa vibaya.

Alikuja akiwa kijana bado, mrefu, mwenye shingo nyembamba iliyoungua jua siku ya kwanza na ambayo sikumbuki kuiona imepona. Kanisa lake, dogo na la mbali, lilimtuma aanzishe ushirika katika mji wetu na vijiji vilivyo kaskazini yake. Alipanga chumba cha uani katika nyumba ya dada yangu mkubwa, Bi Mwanaidi, mjane, ambayo mlango wake unatazamana na wangu. Haukupita muda akawa anamwita dada yangu Mama. Kwa hiyo mimi nikawa Mjomba, na mpaka leo hajaniita kwa jina jingine.

Dada yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku za mwanzo Mmisionari alikuwa akiingia ukumbini na shida yake mdomoni: bomba halitoi maji, ufunguo haufungui. Dada alimwacha amalize, kisha akamwambia atoke nje aingie upya. Akatoka. Akabisha hodi, akatoa salamu, akauliza Mama ameamkaje, mguu unaendeleaje, wajukuu wa Dar es Salaam hawajambo, ndipo habari ya bomba ikapata nafasi. Kuna asubuhi alirudishwa nje tena na tena mpaka nikamwonea huruma, nikasema, dada, mwachie leo, kijana ana haraka.

"Haraka ya kwenda wapi?" dada akaniuliza. "Si alisema amekuja kwetu? Basi ameshafika."

Neno hilo Mmisionari alilichukua kwa uzito zaidi kuliko dada alivyolikusudia. Aliwahi kunieleza kwamba katika chuo chao walimfundisha mambo mengi juu ya namna ya kwenda kwa watu, na hakuna hata mwalimu mmoja aliyemfundisha namna ya kufika.

Ibada yake naijua kwa sababu ukuta wa chumba cha uani hauzuii sauti. Aliamka kwa adhana ya alfajiri. Si kwamba aliiitikia. Alisema tu kwamba aliona haya kuendelea kulala ilhali mtaa mzima umeamka kwa ajili ya Mungu. Akipiga magoti kwenye mkeka alioazimwa na dada, aliomba kwa lugha yake. Baadaye akahamia Kiswahili. Nilipomuuliza sababu alijibu kwamba kwa lugha yake amezoea kusema maneno mazuri, na kwa Kiswahili hawezi kujidai mbele ya Mungu wake. Aliwataja watu mmoja mmoja. Dada, akiwa kwenye msala wake upande wa pili wa ukuta, alimaliza swala yake, akasikiliza, na wakati wa chai akadai haki yake.

"Leo mguu wangu umeusahau. Umemwombea mpaka muuza mkaa, mimi mwenye nyumba nimeachwa."

Naye akainuka pale pale kwenye kiti, akafumba macho, akauombea mguu, chai ikipoa.

Asije mtu akadhani ninamchora malaika. Alikuwa mwoga wa mijusi. Mjusi kafiri wa kawaida, yule wa darini, alimtoa chumbani akiwa na shuka mabegani, na dada akawa anamuuliza mbele ya wageni ni vipi mtu aliyekuja kushindana na shetani anafukuzwa na mjusi. Alikuwa pia hastahimili kushindwa. Nilimfundisha bao nikajuta: akifungwa, hunyanyuka bila kuaga, na siku nzima huwa na uso wa mtu aliyefiwa. Jioni hurudi kuomba radhi kwa unyenyekevu wa kweli, kisha huomba tucheze tena, kisha huzira upya. Mtu huyo huyo aliyekasirishwa na kete aliweza kurushiwa maneno machafu na mgonjwa mwenye maumivu na asibadilike hata sura.

Mwezi wa Ramadhani ulimtesa kwa namna yake. Hakufunga, kwa kuwa alisema hawezi kuigiza ibada ambayo si yake. Lakini pia hakuthubutu kula mbele za watu. Alijifungia na ndizi mbivu mchana, na harufu ya ndizi mbivu katika nyumba ya watu waliofunga haifichiki. Dada alivumilia kwa muda, kisha akamgongea mlango na kumwambia atoke ale uani kama mtu mwenye heshima zake, kwa sababu yeye hana faradhi, na kwamba kinachowaumiza si mlaji bali ni harufu isiyo na mlaji.

Kazi yake haikufanana na ile aliyotumwa. Alikuwa na pikipiki ya misheni, na kwa pikipiki hiyo alifika Fukayosi na hata Saadani, akihubiri kwa yeyote aliyetaka kumsikiliza, na wengi walimsikiliza kwa adabu na kurudi katika shughuli zao. Ushirika aliouanzisha ulikuwa wa watumishi wachache wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka bara, Wakristo tayari kabla hajazaliwa. Lakini siku zake nyingi aliishia wodini. Msomaji anajua kwamba mgonjwa wa hospitali zetu huletewa chakula na ndugu zake. Sasa malori hupinduka katika barabara zinazotoka Chalinze, na utingo anayeletwa amevunjika nyonga, ambaye kwao ni mbali sana, hana ndugu wa kumletea kitu. Hao ndio aliowatafuta. Alipita kitanda kwa kitanda na birika la uji alioupika dada, akawalisha, akawaogesha, akawakata kucha. Aliuliza kila mmoja kama anaruhusu aombewe. Aliyekubali aliombewa, aliyekataa alipata uji ule ule, na kesho yake hakuulizwa tena mpaka aseme mwenyewe.

Waliomtuma walitaka picha. Nalijua hili kwa sababu alilalamika kwangu mara nyingi: walitaka picha za wagonjwa, za watoto, za mikono iliyoshikana, ili wafadhili waone kazi. Hakutuma. Alisema mtu aliyelala bila shuka la kutosha hawezi kuwa ameruhusu picha, hata akisema ndiyo. Naomba hili likumbukwe na wale waliomhukumu kwa picha.

Jambo moja lilimuumiza, na aliumia kwa siri mpaka siku ya Pasaka yake ya pili kwetu. Hakuna mtu wa mji huu aliyebatizwa kwa mkono wake. Hata mmoja. Pasaka ile aliamua kualika mtaa mzima kwenye ibada uani kwa dada. Alipita mlango kwa mlango, na kila mlango ulimkaribisha, ukamwitikia inshallah, ukamshukuru kwa heshima aliyowapa. Alirudi amechangamka. Nilijaribu kumweleza kwamba watu wetu hawamkatalii mgeni usoni, akanitazama kama mtu anayetaka kumpokonya sikukuu. Alikodi viti, akampa dada mchele na nyama, akakesha akiandaa mahubiri.

Asubuhi ile viti vilikaa vitupu. Watu wake wachache wa bara, waliokuwa wamepunguzwa na uhamisho na likizo, wakaja mmoja mmoja kwa kuchelewa. Mimi nilikwenda kwa kuwa nilikuwa nimetoa ahadi, na nikakaa nyuma. Akahubiri juu ya kaburi lililokutwa tupu, akitazama viti. Sauti ilimkatika katikati. Dada, aliyekuwa jikoni akiangalia moto wa pilau, alimwambia kwa sauti kutoka huko huko aendelee, maana yeye anasikia.

Ibada ilipokwisha na harufu ya pilau ikavuka ukuta, mtaa ukaja. Walikuja wote, wamevaa vizuri, na watoto wamepakwa mafuta. Walimpa mkono wa sikukuu, wakala, wakamwombea umri mrefu. Hivyo ndivyo sisi tunavyohudhuria sikukuu ya jirani: ibada ni yake, karamu ni yetu sote. Hakuna aliyeona kasoro. Mmisionari alisimama na sinia mkononi, machozi yakimtiririka, na alipoona ninamtazama akaanza kucheka, na kwa muda hakuweza kuyatenganisha hayo mawili.

Usiku huo hakuomba kwa sauti. Dada alikuja kuniuliza kama ni mgonjwa.

Aliyeugua kweli ni dada mwenyewe. Mguu ule ulikuwa mwanzo tu. Sukari ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake mwilini. Katika miezi ya mwisho, Shabani, mwanawe wa pekee, alikuwa akisafiri kwenda kazini Dar es Salaam na kurudi, nami mgongo ulikuwa umenilaza. Mmisionari ndiye aliyembeba dada kutoka kitandani kwenda jua la asubuhi na kumrudisha. Alijifunza kumfunga kidonda. Wanawake wa nyumba waliona aibu mwanzoni, kisha wakaacha kuona aibu.

Mchana mmoja dada aliniita mimi, Shabani na Mmisionari pamoja. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga wageni watakavyolala, kwamba akifa, huyu kijana ashike jeneza.

"Asisimame kando kama mtu aliyekuja kutalii," akasema. "Amenibeba mzima, atanibeba maiti."

Mmisionari akasema atafanya hivyo. Nami, kwa kuwa nimezoea kuuliza kabla ya kutenda, nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu, mtu msomi asiye na papara. Alinijibu kwamba kubeba anaweza kusaidia kama jirani. Swala ya maiti si yake, akae pembeni. Na kaburini watashuka ndugu Waislamu. Nikarudi nikamweleza Mmisionari kila neno. Akayarudia mbele yangu, neno kwa neno, asije akakosea.

Dada alifariki asubuhi na tukamzika baada ya adhuhuri, kama desturi. Katika swala, Mmisionari alisimama nje ya safu, viatu mkononi. Jua lilikuwa kali, na shingo ile ilikuwa imeshageuka nyekundu, na Shabani, aliyekuwa amechanganyikiwa kwa msiba lakini hakuacha kuona, alivua kofia yake akamvisha. Nilikuwepo. Kofia ilivaliwa kwa sababu ya jua na kwa sababu ya heshima, na hakuna neno lolote lililosemwa ilipovaliwa.

Kisha jeneza likanyanyuliwa. Kwetu jeneza halina wachukuzi maalumu. Kila mwanamume hujipenyeza, huweka bega chini ya mti, hupiga hatua chache, husogezwa nyuma na anayekuja, na kwa njia hiyo maiti huelea juu ya mikono ya mji mzima, na kila mmoja hupata thawabu zake. Hilo nililisahau kumweleza, kwa maana ni nani anayeeleza jambo ambalo watoto hulijua? Mmisionari alishika mti wa mbele na hakuachia. Watu walimjia wakamgusa mkono apishe, hakuelewa. Mmoja akamwambia, "Unatunyima thawabu, bwana." Mwingine akasema mwacheni, huyu leo ameamua. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Akaenda hivyo kutoka nyumbani hadi makaburini, mti umemkata begani, akilia waziwazi kama mtoto, na sisi wengine tukipokezana mahali pengine.

Alikuwa ameahidi kubeba, na alidhani kuachia ni kuvunja ahadi. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwake. Lakini mji uliona jambo jingine: mzungu mwenye kofia, aliyeng'ang'ania jeneza la Muislamu kuliko Waislamu.

Kaburi lilipofukiwa, dua ikasomwa, tukainua mikono. Naye akainua. Nilikuwa kando yake, na nilisikia anachosema. Alikuwa anamwombea dada kwa jina la Yesu, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kama kila alfajiri.

Kijana mmoja wa ukoo alipiga picha kwa simu. Akaiweka mtandaoni na maneno ya kumshukuru Mungu kwa ndugu mpya. Simlaumu kwa ubaya, hakuwa nao. Namlaumu kwa kuandika jambo ambalo hakulithibitisha, na kwangu hilo si dogo. Ni nani aliyeifikisha picha hiyo ng'ambo, sijui, na nisilolijua sitaliandika.

Kabla ya arobaini ya dada, alikuja mkubwa wao, mwenye tai, akiwa na mkalimani. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole wake ndio ulioniudhi, kwa maana alikuja na hukumu mfukoni na akataka tumsaidie kuitoa. Aliomba kunihoji kama shahidi. Nikamkaribisha sebuleni, nikaketi wima.

Aliuliza kama Mmisionari alitamka shahada. Nikajibu kwamba hakuitamka, na kwamba mtu hawi Muislamu kwa kuvalishwa kofia, kama vile mimi nisivyokuwa mchungaji nikivaa tai. Mkalimani alisita, kisha akatafsiri.

"Lakini aliinua mikono," mkubwa akasema.

"Aliinua."

"Pamoja na Waislamu."

"Alikuwa kwenye maziko ya mama yake. Ulitaka aiweke wapi?"

Mkubwa akaeleza kwamba hawana nia ya kumharibia kijana. Jambo lilikuwa jepesi: asimame mbele ya ushirika wake Jumapili, atamke kwamba alikosea kushiriki maziko yale, aombe msamaha, na ataendelea na kazi. Asipotamka, udhamini wake unakwisha, na kibali cha ukaazi pamoja nao.

Wakati huo huo, kwa upande wetu, wazee wa mtaa walimjia kwa nia njema kabisa, na ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni watu wangu. Walimwambia kazi nzito ameshaifanya, limebaki neno moja tu. Alitamke, nao watamtafutia namna ya kubaki, na mke mwema, na mtaa hautamtupa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kama dada alivyomfundisha.

"Wazee wangu," akawaambia, "aliyenipeleka makaburini ni Yesu. Nikimwacha leo, nitakuwa nimewadanganya kwamba nilikwenda peke yangu."

Wakaondoka wamenuna, na mtaani wakasema amesilimu lakini anaona haya.

Jumamosi jioni alivuka njia akaja kwangu. Aliniuliza, "Nifanye nini, Mjomba?" Nikamjibu kama mtumishi wa serikali wa siku nyingi: maneno ni maneno, ayatamke, abaki, wagonjwa wapate uji. Dada yangu hatapungukiwa na kitu. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilitaka abaki, na sioni haya kwa hilo.

Alikikuna kidonda cha begani kilichokuwa kikipona.

"Nikisema nilikosea," akasema, "Mama atakuwa amezikwa na mtu aliyetubu kumzika."

Baadaye kidogo akaniambia jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alisema tangu mkubwa alipofika, anaomba kila alfajiri na ni kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akauliza kama huenda wakubwa wake ndio wanaomjua Mungu wake, naye hakuwahi kumjua. Mtu aliyekuja kwetu na hakika ya kutosha mji mzima, ambayo kwa muda wote ule sisi wenye dini nyingine hatukuipunguza hata chembe, aliipoteza mikononi mwa watu wake.

Jumapili alisimama mbele ya ushirika akasema hatatubu. Katika juma lile akaondoka. Shabani ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege.

Miaka imepita, na uongo ule wa namna mbili umepata nguvu kwa kurudiwa. Mwaka jana, bila taarifa, alibisha hodi kwangu. Alitoa salamu kamili, akauliza mgongo wangu, akauliza watoto wa Shabani, akasubiri nimkaribishe. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka. Huko kwao anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Baba yake, ambaye ni mchungaji wa kanisa lile lile, hasemi naye. Alikuja kwa nauli yake, kwa siku chache, kuliona kaburi. Nilimpeleka. Alilifagia, akapanda ua.

Jumapili akaniomba nimsindikize kwenye ushirika alioanzisha. Sasa wana jengo, kando ya barabara ya Msata, na mmisionari mwingine. Alisema hawezi kwenda peke yake. Nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa na kofia, tukaenda.

Mlangoni alikuwepo mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu kutoka bara, ambaye alimjua vizuri na aliwahi kula pilau yake. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha mzee yule, akitazama chini, akamweleza kwamba kukaa anaweza kukaa, lakini leo kuna Meza ya Bwana, na agizo la kumtenga halijaondolewa; mkate hataweza kupewa. Nilianza kusema. Mmisionari akanigusa mkono, akasema tukae nje basi.

Tukakaa kwenye ngazi. Ndani wakaimba, naye akaimba pamoja nao kwa sauti ya chini, nyimbo zote, bila kitabu. Walipofika kwenye mkate akanyamaza. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameiweka mikono yake magotini, viganja vimefunguka, kama mtu anayesubiri kupewa kitu na anajua hatapewa. Sijui ilichukua muda gani. Kwangu ilikuwa ndefu kuliko swala yoyote niliyowahi kuswali.

Watu walipotoka walitupita kwa adabu. Wengi walikuwa wageni, wasiomjua. Mwanamke kijana aliyebeba mtoto akasimama mbele yetu, akaniamkia, akamtazama, akanigeukia mimi tena, kana kwamba mwenye kujibu nilikuwa mimi.

"Mzee, samahani. Huyu ndiye yule aliyesilimu?"

Nikasimama. Mgongo wangu hauniruhusu kusimama haraka, lakini nilisimama haraka, na watu wakageuka.

"Hapana, binti. Huyu ni Mkristo. Mimi ni Muislamu, na ninashuhudia hivyo."

Mzee wa kanisa aliingia ndani. Mwanamke yule alihamisha mtoto bega la pili, akasema asante, akaenda zake.

Tulirudi kwa miguu, kwa kuwa yeye alitaka hivyo. Nilikuwa bado nimekasirika, nikisema peke yangu kwa muda wote huo juu ya agizo, na tai, na picha, na watu wasiothibitisha. Yeye alitembea ameinamisha kichwa. Tulipokaribia kwetu alisimama njiani, na hakunitazama.

"Mjomba," akasema, "una hakika na ulichoshuhudia?"

Nikamwambia ninayo.